Udongo Uliochimbwa

Antena haikuwa na kosa lolote. Ripoti ya maabara ilisema hivyo kwa aya mbili fupi, na Inspekta Jacklyne Mativo aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia mkobani. Tangu Khalif azikwe, kesi nzima ilikuwa imeegemea antena ile. Sasa haikuwa na pa kuegemea.

Khalif alikuwa mtegua mabomu. Alifia ng'ambo ya mpaka, kando ya njia ya wachota maji, akiwa na mashine iliyoundwa na watu wake mwenyewe katika karakana ya mtaa wa Lucky Summer. Mashine ile ilikuwa rada. Ilipeleka mawimbi ardhini, ikasikiliza yanavyorudi, na kazi yake ilikuwa kulia inapokutana na bomu la plastiki, lile ambalo vigunduzi vya chuma hupita juu yake bila habari. Siku ile haikulia. Khalif akapiga goti mahali ambapo mashine ilinyamaza, na bomu lilikuwa papo hapo.

Mama yake, Halimo, alikwenda kituoni hata kabla ya hitima. Alisema mwanawe hakuuawa huko jangwani. Aliuawa Nairobi, na aliyemuua ni mhandisi Owiti. Ushahidi haukukosekana. Mkesha wa safari Owiti alikuwa amebadilisha antena ya mashine bila kumwambia mtu. Wauza mboga wa langoni walikuwa wamemsikia akimwambia Khalif, mbele ya watu, aende akafe na haraka yake. Na tangu atiwe ndani hakuwa ametamka neno la kujitetea. Hakimu alikuwa amewapa polisi hadi alasiri ya leo: ama wamshtaki kwa mauaji ama wamwachilie.

Kilichombakia Mativo kilikuwa kile kimya cha Owiti, naye hakuwa mtu wa kumpeleka binadamu kizimbani kwa sababu amenyamaza. Tena palikuwa na jambo moja lililomkera zaidi ya antena. Watu wa kikosi cha Khalif walikuwa wameeleza kwamba, mashine ikilia au isilie, kanuni ni kuchokonoa udongo kwa ufito wa chuma kabla ya kusogeza goti mbele. Khalif ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine kanuni hiyo. Siku ile hakuchokonoa. Mtu aliyeishi miaka yote kwa kutoamini udongo aliuamini ghafla, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Koplo Austine aliegesha gari kando ya ukuta wa karakana. Aliyewafungulia lango alikuwa Wehliye, mwenye karakana, kaka yake Halimo na mjomba wa marehemu. Mwalimu wa fizikia aliyestaafu, ambaye wanafunzi wake wa zamani walimheshimu mpaka leo. Asubuhi hiyo vifungo vya shati lake vilikuwa vimefungwa kombo. Mativo alimwambia kwamba antena ni nzima. Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, akasema hata yeye alidhani hivyo. Ile mpya ilikuwa bora kuliko ya kwanza, na Owiti hakuwa fundi wa kuharibu kitu makusudi. Alipoulizwa kwa nini hakusema hivyo mapema, alisema kwamba dada yake amefiwa, na mtu aliyefiwa huwezi kumpokonya alichokishika.

Mativo alitaka aoneshwe kazi yao kama ilivyofanywa kila asubuhi, bila kupunguza wala kuongeza. Wehliye alimwita Fartun.

Fartun alikuwa dada pekee wa Khalif. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alifanya mambo yake bila pupa. Kazi yake pale ilikuwa kuficha. Katikati ya karakana palikuwa na sanduku la matofali lenye ukubwa wa chumba, limejaa udongo mwekundu hadi usawa wa goti. Wao waliliita kitanda. Ukutani palikuwa na rafu yenye mabomu ya bandia, vidude vya plastiki vya mviringo vilivyojazwa nta, visivyoweza kumdhuru hata inzi. Hivyo waliviita sahani. Kila sahani ilikuwa na mahali pake, pamezungushiwa rangi nyeupe kwenye ubao. Mahali pamoja palikuwa patupu.

Mativo alisimama mbele ya pengo lile.

"Hii iko wapi?"

Wehliye alieleza kwamba ilipotea zamani, wakati walipokuwa wakitumia kitanda cha nje, kile cha kwanza, kabla ya karakana kuezekwa. Huenda Khalif alikuwa ameichukua kwenda kuwaonesha wafadhili. Austine alimtazama Inspekta wake kwa jicho la mtu aliyeona windo. Sahani iliyopotea inaweza kuwa mikononi mwa mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na sababu. Mativo aliuliza ni nani mwingine mwenye ufunguo. Hakuna, ila wao wanne: yeye, Owiti, Fartun na marehemu. Aliuliza kama walitafuta vizuri kwenye kitanda cha nje.

"Tulipitisha mashine kote," akasema Wehliye. "Ilinyamaza. Kwa hiyo haimo."

Mativo hakuandika jibu hilo, lakini alilikumbuka.

Fartun alivua viatu akapanda kitandani. Wehliye alitoka nje, maana aliyesukuma mashine hakutakiwa kuona mahali palipofichwa kitu. Fartun alichagua mahali, akakata udongo wa juu kwa mwiko wa mwashi, akauweka juu ya gunia ili usimwagike. Akachimba. Akalaza sahani chini kwa mikono miwili. Akarudisha udongo kwa mpangilio uleule, akaupigapiga kwa kiganja, akanyunyiza maji, akapitisha ufagio wa njiti juu ya kitanda kizima mpaka pasionekane alama. Alifanya hivyo mahali pengine, kisha pengine. Austine, aliyekuwa ametazama kwa makini kuliko alivyotazama vitu vingi maishani mwake, alijaribu kukumbuka pale pa kwanza akashindwa.

"Huyu angeiba benki tungetafuta mpaka tustaafu," akanong'ona.

Wehliye akarudi akiisukuma mashine, kitu kama kigari cha mtoto chenye sinia pana chini yake. Ilipofika juu ya sahani ya kwanza ililia. Ikalia juu ya pili. Ikalia juu ya tatu. Mahali pengine pote ilikaa kimya.

"Hii kitu inachoma watu, madam," akasema Austine. "Haiwezi kuweka siri ya mtu."

Fartun alikaribia kutabasamu. Mativo alimuuliza kama imewahi kukosa.

"Kwa nilizozika mimi, hapana. Khalif alikuwa ananitania. Alisema siku nikificha kitu kikakosekana, ndiyo siku atarudi kutumia mbwa." Aliupangusa mwiko. "Alikuja hapa kila akirudi likizo. Alikuwa anakaa pale kwenye stuli, anatazama mashine ikinishinda. Alipenda sana kuniona nikishindwa."

Hapo Mativo alipata sehemu ya jibu lake. Khalif hakuuamini udongo. Alimwamini dada yake. Alikuwa amemwona akificha kwa ustadi wote alionao, asubuhi baada ya asubuhi, na mashine ikimfichua kila mara; kama ingeweza kumfichua Fartun, hakuna askari wa zamani aliyetega kwa haraka ambaye ingeshindwa kumfichua.

Alimgeukia Wehliye akamuuliza mashine inajuaje. Mzee alifurahi kidogo kurudi ualimuni. Alisema hakuna aliyeiambia bomu linafananaje, kwa sababu mwangwi wa plastiki ni hafifu na hakuna mtu anayeweza kuueleza kwa maneno. Waliipitisha kitandani mara maelfu, na kila mara wakaiambia tu: hapa lipo, hapa halipo. Tofauti kati ya hapa na pale iliitafuta yenyewe.

"Na tofauti iliyoipata ni ipi?"

"Hilo haiwezi kutuambia, Inspekta. Tunajua tu kwamba inapatia."

Mativo aliendelea kutazama kitanda. Katika kazi yake kulikuwa na kitu kiitwacho gwaride la utambulisho. Mshukiwa husimamishwa mstarini pamoja na watu wanaofanana naye, na shahidi huulizwa ni yupi. Akiwa ofisa mgeni aliwahi kusimamia gwaride ambamo shahidi alimnyooshea mshukiwa kidole bila kusita. Baadaye ndipo ilipogunduliwa kwamba mshukiwa alikuwa ametoka mahabusu bila kamba za viatu, na wengine wote walikuwa nazo. Shahidi hakuwa amemtambua mtu. Alikuwa ametambua viatu. Na aliapa kwa moyo safi.

"Fartun," akasema, "pale ambapo huweki sahani, huwa unachimba?"

"Pale ambapo siweki?" Fartun alimtazama kana kwamba hakuelewa. "Nichimbe nini, madam?"

Wehliye alikuwa akipangusa sinia la mashine kwa kitambaa. Mkono wake ulisimama.

Mativo aliwashukuru, akamwomba mzee asifunge karakana, akaondoka.

Owiti aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa na shati lilelile alilokamatwa nalo. Alikuwa mtu mrefu, na alikaa kama warefu wanavyokaa kwenye viti vya serikali, magoti yakikaribia meza. Mativo alimweleza habari ya antena. Hakuonesha nafuu yoyote.

"Ulijua kwamba ni nzima."

"Nilijua."

"Na uliona watu wakikushikia antena, ukanyamaza."

Mativo alimuuliza kuhusu maneno yale ya langoni, na kwa mara ya kwanza Owiti alieleza kitu. Alisema alitaka Khalif angoje. Hakuwa na sababu ya kitaalamu aliyoweza kuitaja. Alihisi tu kwamba mashine inapatia mno, na katika kazi yao kitu kinachopatia kila mara ni cha kutiliwa shaka. Khalif alisema watoto wa kule hawamngojei mhandisi atulize moyo ndipo waende kisimani. Wakazozana. Yeye akatamka aliyotamka. Alieleza haya yote akiitazama meza.

Mativo alifungua mkoba, akatafuta kalamu, akaufunga tena. Alizungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile ambayo Austine alisema ingefaa kusomea ratiba ya treni.

"Nimekwenda karakana asubuhi hii. Nimemwona Fartun akizika. Kila mahali palipochimbwa pana sahani, na kila mahali ambapo hapana sahani hapajachimbwa. Mashine yenu haijawahi kuoneshwa shimo lisilo na kitu."

Owiti aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji kabla hajasema neno.

"Usimwambie," akasema.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza humu ndani. Huna la kufanya humu ila kufikiri. Nilirudia kila kitu, antena, programu, betri, kila kitu. Kisha nikauona mkono wa Fartun." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Lile bomu la kisimani limekaa ardhini pengine miaka thelathini. Mvua imepita juu yake, mifugo imepita. Udongo umeshikana umekuwa kitu kimoja. Hakuna dalili ya kuchimbwa pale, madam. Na mashine yetu haijui kutafuta kitu kingine."

"Wewe ni mhandisi. Hukuwahi kuliona hilo?"

"Niliwahi." Sauti yake ilishuka. "Mwanzoni kabisa. Nilimwomba Fartun awe anachimba na mashimo matupu. Alikataa. Alisema mama yake alimkanya aliposikia kazi yake ni kuchimba. Kwamba shimo ukilichimba, lazima utie kitu. Ukilifunika tupu, linabaki linamngoja mtu wa nyumba yako."

"Na wewe ukakubali."

"Unajua kwetu tunafanyaje kaburi likichimbwa kisha maiti ikazikwa pengine? Tunakata mgomba tunauzika mle. Baba yangu alikuwa karani wa reli, mtu wa suti na tai, na nilimwona kwa macho yangu akiubeba mgomba. Basi yule msichana aliponiambia ya mama yake, sikucheka. Nilielewa. Nilisema tutaangalia baadaye, kisha nikasahau. Nina digrii mbili, Inspekta. Niliona haya kubishana na mama wa mtu kuhusu kaburi."

Mativo alikuwa mtoto wa Machakos. Alijua nyumba ambazo mambo kama hayo hayakusemwa kwa sauti.

"Andika kwamba ni mimi," akasema Owiti. "Si uongo. Mkuu wa kazi nilikuwa mimi. Yule amempoteza kaka yake, hiyo inatosha. Usimwongezee."

"Kesi ya mauaji haiandikwi kwa huruma."

"Basi iandike kwa chochote unachoandikia."

Alirudishwa ndani. Mativo alibaki chumbani kwa muda, akiwa na kauli ya mshukiwa ambayo ililingana na alichokiona. Kwa ofisa mwingine hilo lingetosha. Lakini kauli ilikuwa kauli, na yeye alitaka udongo wenyewe useme.

Walirejea Lucky Summer kabla ya adhuhuri. Wehliye alikuwa ameketi kwenye stuli ya marehemu, mikono magotini. Mativo alitambua kwamba mzee ameshafika mahali wanapokwenda, peke yake, na alikuwa akiwangoja wamfikie. Alimwomba Fartun atoke nje. Kisha akamwambia Austine achimbe.

Koplo alivua koti. Hakuwa na ustadi wa Fartun, lakini alifuata utaratibu wote: gunia, mwiko, kiganja, maji, ufagio. Alichimba mashimo matatu, na ndani yake hakuweka kitu. Wehliye alitazama mpaka mwisho bila kumsahihisha.

Fartun aliitwa akapewa mashine. Aliisukuma taratibu, mstari kwa mstari, kama mtu anayepiga deki. Mashine ililia. Alitia alama kwa kijiti, akaendelea. Ikalia tena, ikalia tena. Aliposimama, Mativo alimwambia afukue.

Alipiga magoti pale pa kwanza, akachimba kwa mikono. Akaenda chini zaidi ya kina cha kawaida. Akamtazama Austine.

"Umeitoa?"

"Sikuweka kitu, dadangu," akasema Austine, na hakukuwa na mzaha wowote sautini mwake.

Fartun alikwenda pale pa pili, akafukua, kisha pa tatu. Alifanya haraka sasa, udongo ukimwagika pembeni bila gunia. Mashimo yote matatu yalikuwa wazi mbele yake na yalikuwa matupu. Mativo alisema kwamba bado pana kitanda cha nje.

Kitanda cha nje kilikuwa nyuma ya karakana, kimeota nyasi fupi, udongo wake mgumu kama sakafu. Mashine ilipitishwa juu yake, kwenda na kurudi, upande huu na upande ule. Haikutoa mlio hata mmoja. Wehliye aliinama akaizima.

"Abti," Fartun akamwambia mjomba wake, "nipe ufito."

Khalif alikuwa amemfundisha, kwa mchezo, katika moja ya likizo zake. Fartun alilala kifudifudi juu ya nyasi, akaushika ufito kwa vidole kama anayeshika kalamu, akauingiza ardhini kwa mshazari, akautoa, akausogeza upana wa vidole viwili, akauingiza tena. Hakuna aliyemharakisha. Watu wa nyumba ya jirani walikuwa wakifua na redio yao ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimdondoka Fartun kwenye ncha ya pua. Ufito uliingia na kutoka, ukaingia na kutoka. Kisha ukakwama.

Alichimbua pembeni kwa ncha ya mwiko, kidogo kidogo, kama ilivyotakiwa. Sahani ilionekana ubavu kwanza, imeshikana na udongo, mizizi ya nyasi imeizunguka. Mashine ilikuwa imesukumwa juu yake muda mfupi uliopita, na kabla ya hapo walipoitafuta, na mara zote ilikuwa imewaambia kwamba haimo.

Fartun aliketi kitako juu ya kitanda, sahani mapajani.

"Haikuwa inatafuta bomu," akasema hatimaye. "Ilikuwa inatafuta mkono wangu."

Wehliye alimwita kwa jina, akaongeza neno la Kisomali, lakini hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Mativo, na Mativo alijua swali litakalokuja kwa kuwa amelisikia katika vyumba vingi.

"Hili ni kosa gani kwa sheria, madam?"

"Hakuna kosa. Hukuwa na nia, na hukuvunja kanuni yoyote iliyokuwapo."

Alikuwa amewaambia watu wengi maneno hayo na wengi walimshika mkono kwa shukrani. Fartun aliikumbatia sahani. Kosa lenye jina lina adhabu, na adhabu ina mwisho. Mativo aliliona hilo usoni mwake akageuza macho, akatoka pembeni kumpigia simu mwendesha mashtaka.

Mazungumzo yalikuwa mafupi. Owiti hatashtakiwa, ataachiliwa alasiri. Mwendesha mashtaka aliuliza basi faili ifungwe kwa sababu gani, na Mativo akamwambia atamwandikia. Aliporudi, Fartun alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi. Alitaka kupelekwa nyumbani. Alisema mama yake asisikie habari ya Owiti kutoka kwa watu wa sokoni.

Halimo alikaa Majengo, chumba cha mbele cha nyumba ya udongo iliyopigwa chokaa, karibu na Gikomba ambako aliuza madera kwa jumla. Mabunda ya nguo ambayo hayajafunguliwa tangu msiba yalikuwa yamepangwa ukutani. Hakuwa mzee sana, lakini alikuwa ameshika tama kizingitini na hakuinuka walipoingia. Alimtazama binti yake, miguu yenye vumbi jekundu, kisha akamtazama polisi.

Fartun alikaa chini mbele yake akaanza kwa Kisomali.

"Sema Kiswahili," akasema Halimo. "Huyu naye asikie."

Basi Fartun akasema Kiswahili. Alisema Owiti hakufanya kitu, na antena ilikuwa nzuri. Alieleza habari ya mashine na udongo uliochimbwa, polepole, akirudia pale ambapo mama alikunja uso. Alieleza habari ya sahani ya kitanda cha nje. Mativo, aliyesimama karibu na mlango, aliona kwamba ni maelezo sahihi, yaliyopangika, bila machozi ya kuyavuruga. Angeyakubali mahakamani.

"Kwa hiyo mashine ilifundishwa vibaya," akasema Halimo.

"Ndiyo, hooyo."

"Na nani?"

"Na mimi. Ilitakiwa nichimbe na mashimo matupu, mengi, yachanganyike na yenye vitu. Ingelazimika kutafuta kitu chenyewe. Sikuchimba."

Halimo alikaa na maneno hayo. Nje mtu aliita mteja, mwingine akamjibu kwa tusi la kirafiki, na mkokoteni ukapita. Uso wa mama haukuonesha hasira. Ulionesha mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Kwa nini hukuchimba?"

Hapo Fartun alichelewa. Ilikuwa mara ya kwanza kuchelewa tangu aanze kusema.

"Uvivu, hooyo," akasema. "Kazi ilikuwa nyingi. Nilichoka tu, nikaona haina haja."

Mativo alijua kwamba huo ni uongo, na alijua ulikuwa wa kumkinga nani. Owiti alikuwa amemkinga msichana, msichana sasa anamkinga mama, na wote wawili walikuwa wamemwachia yeye kazi ya kuamua ukweli ufike mlango upi. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuiacha kauli ya uongo ipite mbele yake bila kuisimamisha.

Halimo alimgeukia.

"Wewe ndiye uliyechunguza. Ni kweli?"

"Owiti hana hatia, mama. Hilo ni kweli kabisa."

"Sikukuuliza Owiti. Nimekuuliza huyu."

Mativo alitafuta maneno ambayo hayangekuwa uongo.

"Ndivyo anavyosema, mama."

Halimo aliyapima maneno hayo kwa muda mrefu. Alikuwa mfanyabiashara, na alikuwa amesikia maisha yake yote watu wakimjibu pembeni ya swali. Aliinama akaishika mikono ya binti yake, akaigeuza, akatazama udongo uliokauka chini ya kucha.

"Huyu hajawahi kuwa mvivu," akasema. Alisema na Mativo, lakini hakumtazama. "Tangu mdogo. Unamtuma, unamwona amerudi. Hata kaka yake alikuwa akinikatalia mambo, huyu kamwe. Nikimwambia fanya, anafanya. Nikimwambia usifanye..."

Mikono ya Fartun ilikuwa bado mikononi mwake, na aliendelea kuitazama. Midomo ya Halimo ilitikisika mara moja, kama inayotaka kurudia neno la mwisho. Fartun alisema, hooyo, si hivyo, hooyo, nisikilize. Lakini mama alikuwa ameshafika.